Ugonjwa wa Mahepe: Historia ya Kirusi Kinacholeta Kansa ya Kuku

Maneno haya mliyasikia redioni. Sasa yamepigwa chapa ili kila mmoja ayasome kwa macho yake mwenyewe, polepole, na kurudia pale anapotaka.

Leo ni zamu ya historia. Mtu akisikia neno historia hufikiri habari za watemi na vita, au habari za Waingereza waliokuja hapa Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, wakaondoka baada ya miaka michache kwa hasara kubwa. Hayo ni historia kweli. Lakini ugonjwa nao una historia. Una mwaka ulioandikwa mara ya kwanza, una watu walioufuata nyayo kama mwindaji, na wapo waliopotea njia wakiufuata. Ugonjwa tutakaousoma leo ni wa kuku. Wafugaji wa Tanzania huuita mahepe, na wataalamu wa dunia huuita ugonjwa wa Marek. Mimi kazi yangu ni elimu, si mifugo. Kwa hiyo mkiona kuku anaumwa, mwiteni bwana mifugo wa kata yenu. Hapa nitawasimulia jinsi watu walivyoujua ugonjwa huu, na jinsi unavyokua ndani ya mwili wa kuku siku baada ya siku.

Tuanze bandani. Tuseme mama mmoja wa Pandambili ameuza mahindi yake pale sokoni Kibaigwa, akanunua vifaranga 40 wa kisasa. Amewajengea banda zuri, usiku amewawekea jiko la mkaa wapate joto, na amewapa chanjo ya mdondo kwa tone la jichoni kama alivyofundishwa. Vifaranga wamekua, manyoya yanang'aa. Wakifika miezi mitatu hivi, asubuhi moja anamkuta tembe mmoja ameanguka. (Hapa nasema tembe wa kuku, yaani jike ambaye hajaanza kutaga, sisemi tembe ya Kigogo tunayolala ndani yake.) Mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine umenyooka nyuma, kama mtu aliyeteleza kwenye tope. Macho yake ni mazima, mdomo unatafuta chakula, lakini hawezi kusimama. Baada ya siku nne anaanguka wa pili, na bawa lake moja linaburuta chini. Wa tatu haanguki, ila anakonda tu mpaka kifua kinakuwa kama kisu. Wa nne, mboni ya jicho inageuka rangi ya kijivu, hamwoni mtu akipita. Wanakufa mmoja mmoja, na wengine hufa kwa njaa na kiu tu kwa sababu hawawezi kukifikia chombo cha maji.

Mama yule atasema, "Mdondo umeingia." Lakini si mdondo. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huja kama moto wa nyika wakati wa kiangazi: leo kuku wawili wamezubaa, wanaharisha kijani, kesho kutwa uani kumekuwa kimya. Mahepe hayana haraka. Huchukua wiki, tena miezi. Na jambo hili mliweke akilini mapema, maana limewatia watu hasara: chanjo ya mdondo haizuii mahepe hata kidogo. Ni magonjwa mawili mbalimbali, na kila moja lina chanjo yake.

Bwana mifugo akimpasua kuku aliyekufa, huangalia kwanza ndani ya paja. Kuna mshipa mmoja wa fahamu unaoshuka mguuni. Kwa kuku mzima mshipa huo ni mweupe, mwembamba, una michirizi myembamba ukiutazama vizuri. Kwa kuku wa mahepe mara nyingi mshipa wa upande mmoja umevimba, umekuwa wa rangi ya manjano au kijivu, na michirizi imepotea. Tena mara nyingi huona ini limejaa madoa meupe, bandama imekuwa kubwa, na kwenye mfuko wa mayai kuna nyama ngumu iliyoota. Nyama hiyo ni kansa, ambayo wengine huiita saratani.

Sasa turudi nyuma kwa miaka. Mtu wa kwanza kuuandika ugonjwa huu alikuwa József Marek, mwalimu wa chuo cha waganga wa wanyama mjini Budapest, katika nchi ya Hungaria. Mwaka ulikuwa 1907. Huku kwetu Vita vya Maji Maji vilikuwa vikizimika kule kusini. Bwana Marek aliwaona majogoo wanne tu waliopooza miguu na mabawa. Aliwapasua, akaona mizizi ya mishipa ya fahamu imekuwa minene, na ndani yake zimejazana chembe hai nyeupe ambazo kazi yao si kukaa pale. Akaandika alichokiona. Sababu hakuijua. Hakuona kansa, na wala hakuwa na haja ya kuitafuta, kwa maana majogoo wanne waliopooza si msiba wa taifa.

Msiba ulikuja baadaye, wakati watu wa Ulaya na Marekani walipoanza kufuga kuku kwa mamia na maelfu chini ya paa moja. Katika miaka ya 1920 habari za kuku kupooza zilitoka Marekani na Uholanzi. Mwaka 1929 daktari mmoja wa New York, Alwin Pappenheimer, na wenzake wakaandika ya kuwa ugonjwa huu hauishii kwenye mishipa: baadhi ya kuku waliopooza walikuwa pia na uvimbe wa kansa tumboni. Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Wakati ule ilikuwa imekwisha julikana kwamba kansa nyingine za kuku huletwa na virusi. Watu wawili wa Denmark, Ellermann na Bang, walikuwa wameonyesha hivyo mwaka 1908 kwa kansa ya damu ya kuku. Mwaka 1911 Peyton Rous wa New York alichukua uvimbe wa kuku mmoja, akausaga, akauchuja kwa chujio ambalo hata bakteria hawezi kupenya, akawadunga kuku wengine maji yaliyopita, nao wakaota uvimbe. Watu hawakumsadiki sana Bwana Rous. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, miaka 55 baadaye, akiwa mzee sana. Basi wataalamu walipoona kansa katika kuku waliopooza, wengi wao walizitia kansa zote katika kapu moja. Kwa zaidi ya miaka 30 mahepe yalikuwa yakihesabiwa pamoja na magonjwa mengine ambayo si ndugu zake.

Hapa nataka tuondoke bandani, tuende Kampala. Msidhani nimepotea njia.

Katika hospitali ya Mulago alikuwapo daktari wa upasuaji, mtu wa Ireland, jina lake Denis Burkitt. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe mkubwa kwenye taya, pande zote mbili, juu na chini. Halafu akamwona mwingine. Akaanza kuchungua vitabu vya hospitali, na mwaka 1958 akaandika habari za kansa hii ya watoto, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote katika historia hii. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri karibu maili 10,000, wakapita Tanganyika na kuendelea kusini, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha za watoto mkononi, wakiuliza, "Mmeona ugonjwa kama huu?" Kwa kuuliza tu, na kutia alama kwenye ramani, waliona kwamba kansa hii inakaa penye joto na mvua, na haionekani sana penye baridi au ukame. Leo tunajua kuwa malaria ni mmoja wa washiriki wake.

Mwaka huo huo, tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alikuwa London akitoa hotuba. Kati ya waliomsikiliza alikuwapo kijana Anthony Epstein. Na huyo Epstein kazi yake ilikuwa nini? Alikuwa akichunguza kile kirusi cha Rous, kirusi cha kansa ya kuku! Kwa hiyo aliposikia habari za kansa ya watoto inayofuata joto na mvua, akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye virusi. Wakakubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitoke Kampala kwa ndege usiku na kufika London asubuhi. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha mwezi wa Desemba 1963 ndege iliyochukua kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester, na kipande kikachelewa. Kilipofika, maji yake yalikuwa yamefuka kama maziwa. Mtu mwingine angeyamwaga. Wao waliyatazama, wakaona chembe hai zinaelea ndani yake, wakazikuza katika chupa. Mapema mwaka 1964 Epstein, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, wakaziangalia kwa hadubini ya umeme, na humo wakakiona kirusi. Umbo lake lilikuwa la jamaa ya hapesi.

Jamaa hiyo ninyi mnaijua, ingawa labda jina ni geni. Tetekuwanga ya watoto huletwa na kirusi cha jamaa ya hapesi. Mtoto hupona, malengelenge hukauka, lakini kirusi hakitoki. Hujificha katika mishipa ya fahamu, na baada ya miaka 40 au 50, mtu akiwa mzee au amedhoofika, kinatoka tena kama mkanda wa jeshi. Hiyo ndiyo tabia ya jamaa nzima ya hapesi: akishaingia nyumbani hahami tena. Kumbukeni hivyo, kwa maana ndiyo roho ya somo hili.

Wataalamu wengi hawakukubali upesi kwamba kirusi cha Epstein kinaleta kansa. Walisema huenda ni abiria tu aliyepanda kwenye uvimbe. Tena walikuwa na hoja, maana baadaye ilionekana kwamba karibu watu wazima wote duniani wanacho kirusi hiki, na wengi sana kati yao hawapati kansa kamwe. Kwa binadamu huwezi kumtia mtoto kirusi ili uone kama ataugua. Jibu lilipaswa kutoka kwa mnyama mwingine. Na likatoka kwa kuku.

Uingereza, mahali paitwapo Houghton, palikuwa na kituo cha kuchunguza magonjwa ya kuku. Peter Biggs, aliyefanya kazi hapo, ndiye aliyependekeza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba ugonjwa wa majogoo wa Budapest utolewe katika lile kapu la kansa zote, upewe jina lake wenyewe, jina la Marek. Ilikwisha onekana kwamba ukichukua damu ya kuku mgonjwa ikiwa na chembe zake hai ukamdunga kifaranga, huugua. Lakini ukiichuja kama Rous alivyofanya, hapatikani kitu. Hili liliwasumbua sana. Mwaka 1967 Biggs na mwenzake Churchill walikuza chembe hai za kuku katika vyombo vya kioo, wakazitia ugonjwa, na ndani yake wakakiona kirusi: hapesi. Mwaka uliofuata Wamarekani wa East Lansing, katika jimbo la Michigan, wakaona vivyo hivyo. Sababu ya chujio kutofanya kazi ikajulikana: kirusi hiki hakitoki nje peke yake. Kinakaa ndani ya chembe hai, na huhama kutoka chembe hii kwenda ile iliyo jirani yake, kama mwizi apitaye nyumba hata nyumba bila kutokea barabarani.

Lakini mtaniuliza: ikiwa kirusi hakitoki nje, kuku wa banda moja huambukizana vipi? Swali zuri. Jibu lilipatikana mwaka 1970 katika chuo kikuu cha Cornell, Marekani, na Bruce Calnek na wenzake. Walitazama ngozi. Kila unyoya umepandwa katika kijitundu, kama mche katika shimo lake. Ndani ya ngozi ya kijitundu hicho, na hapo peke yake, kirusi hujikamilisha, kikavaa ganda lake lote, kikawa tayari kusafiri. Ngozi ya pale inapokauka na kubanduka kama mba wa kichwani, hubanduka na virusi ndani yake. Ile vumbi jepesi mnayoiona ikielea kwenye mwali wa jua bandani, sehemu yake kubwa ni mba huo. Ikikauka hukaa na nguvu ya kuambukiza kwa miezi mingi.

Sasa tunaweza kufuata safari yote. Someni hapa polepole.

Kifaranga anavuta pumzi, na vumbi inaingia mapafuni. Hapo kirusi kinapokewa na zile chembe za mwili ambazo kazi yao ni kumeza takataka. Zinakimeza, na kwa kukimeza zinakibeba hadi ndani. Ndege ana askari wa aina mbili katika damu yake. Wa kwanza hukomaa katika mfuko mdogo ulio karibu na kinyeo. Wataalamu huwaandika kwa herufi B. Wa pili hukomaa katika tezi za shingoni. Hao huandikwa kwa herufi T. Kuanzia siku ya tatu mpaka ya sita hivi, kirusi kinawaingia askari B, kinazaana ndani yao na kuwaua kwa wingi. Kwa macho huoni kitu, labda kifaranga amepoa kidogo. Lakini kinga yake imebomolewa, na ndiyo sababu kuku mwenye mahepe hufa upesi kwa magonjwa mengine.

Askari T wanaona wenzao wanakufa, wanaamka kuja kusaidia. Na hapo ndipo mtego ulipo. Askari T aliyelala kirusi hakimwezi vizuri, lakini aliyeamka kinamwingia. Kwa siku ya saba au ya nane kirusi kinaacha kuua. Kinanyamaza. Kinaingiza maandishi yake katika maandishi ya urithi ya askari T, kwenye ncha zake hasa, kikajificha humo kama mgeni aliyejiandikisha kuwa mwenyeji. Askari huyo anaendelea kuzunguka mwilini na mzigo wake. Anapofika kwenye ngozi, kirusi kinaamka tena katika vijitundu vya manyoya, na kuanzia wiki ya pili hivi kuku anaanza kumwaga mba wenye virusi. Tazameni basi: kuku anaambukiza wenzake kabla hajaonyesha dalili hata moja, na ataendelea hivyo muda wote atakaoishi.

Kansa huja mwisho. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, baadhi ya askari T waliobeba kirusi wanaacha kutii amri. Katika maandishi ya kirusi kuna sehemu moja ambayo iligunduliwa mwaka 1992, ikapewa jina la Meq. Hiyo humwambia askari: gawanyika, gawanyika tena, wala usife wakati wako ukifika. Askari mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, mpaka wanajaza ini, bandama, mfuko wa mayai na mshipa wa paja. Mshipa ukijaa, habari za ubongo haziufikii mguu, na tembe wetu wa Pandambili anaanguka. Kwa hiyo siku mama alipomwona chini, kirusi kilikuwa kimekwisha ingia wiki nyingi nyuma, labda katika siku za kwanza za maisha ya kifaranga.

Watu huuliza kama nyama na mayai ya kuku hawa yanaweza kumtia mtu kansa. Hakuna ushahidi wowote kwamba kirusi cha mahepe humwambukiza binadamu. Wala hakipiti ndani ya yai kwenda kwa kifaranga. Kifaranga huanguliwa mzima. Ugonjwa anaukuta bandani. Hata hivyo kuku aliyekonda kwa ugonjwa si wa kupeleka sokoni.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1969 watu wa Houghton walikilegeza kirusi kwa kukikuza mara nyingi katika vyombo vya kioo, wakapata chanjo. Mwaka 1970 Wamarekani wakapata iliyo rahisi zaidi: walichukua kirusi cha bata mzinga, ndugu wa kirusi cha mahepe, ambacho hakimdhuru kuku. Kifaranga akidungwa kirusi hicho, mwili wake hujifunza. Vifo vilishuka sana, na kansa ikapungua bandani. Hizi ndizo chanjo za kwanza duniani zilizozuia kansa kwa kiumbe chochote, na zilitolewa kwa kuku. Tena zilijibu swali la Kampala: ikiwa kwa kuizuia hapesi umeizuia kansa, basi hapesi si abiria tu. Kwa binadamu kazi ilikuwa ndefu zaidi. Kwa kirusi cha Epstein hakuna chanjo iliyoidhinishwa hata sasa. Lakini chanjo dhidi ya kansa ya mlango wa kizazi, ambayo huletwa na kirusi cha jamaa nyingine, ilianza kutolewa kwa wasichana wa Tanzania nzima mwaka 2018, na wengi wenu mna mabinti waliochanjwa.

Chanjo ya mahepe ina jambo moja ambalo kila mfugaji hapana budi kulielewa. Inazuia uvimbe, haizuii kirusi kuingia. Kuku aliyechanjwa akivuta vumbi yenye virusi, kirusi kinaingia, kinajificha, kinafika kwenye manyoya, kinatoka katika mba. Yeye haugui, lakini jirani yake asiyechanjwa anaipata. Mwaka 2015 Andrew Read na Venugopal Nair, pamoja na wenzao, walitoa habari za majaribio yao. Walichukua kuku waliochanjwa na wasiochanjwa, wakawatia kirusi kikali kuliko vyote. Wasiochanjwa walikufa upesi, siku kumi hivi, kabla hawajamwaga virusi vingi. Waliochanjwa waliishi, wakamwaga virusi kwa majuma, na kuku wasiochanjwa waliokaa nao wakafa. Yaani kirusi kikali mno, ambacho zamani kingekufa pamoja na kuku wake, sasa kinapata mahali pa kuishi. Na kweli, tangu miaka ya 1970 virusi vya mahepe vimezidi kuwa vikali, hata chanjo ya kwanza ikashindwa, ikabidi zitafutwe nyingine. Ile ya Uholanzi ya mwaka 1972 ndiyo inayosifiwa hata leo. Wapo wanaosema chanjo imesaidia kukikaza kirusi, na wapo wanaosema msongamano wa mabanda makubwa una lawama kubwa zaidi. Mimi naona ushahidi wa msongamano ni mzito, maana ukali ulianza kuonekana kabla ya chanjo.

Tena mwaka 2023 ulitokea ushahidi ambao hakuna aliyeutazamia. Wachunguzi walichukua mifupa ya kuku iliyofukuliwa katika magofu ya Ulaya na nchi za jirani, mingine ya miaka 1,000 hivi, wakaitafuta humo mabaki ya kirusi. Wakayapata. Kirusi cha zamani kilikuwapo, lakini ile sehemu ya Meq ilikuwa tofauti. Walipoitengeneza upya na kuijaribu, haikuweza kufanya kazi ambayo Meq ya leo huifanya. Ni kusema kwamba kwa karne nyingi kuku waliishi na kirusi hiki bila kansa, au kwa kansa chache sana. Majogoo wanne wa Bwana Marek walisimama karibu na mahali njia ilipogeuka.

Na sisi wa Kongwa? Hapa kwetu kuku wa kienyeji ni akiba. Ndiye chumvi, daftari la mtoto, nauli ya kwenda hospitali. Hupakiwa kwenye tenga akapelekwa Dodoma au Dar es Salaam. Analala kwenye kona ya nyumba, anatembea uani kwa jirani, hakuna anayemchanja mahepe. Anaishi kwa nafasi na hewa, na baadhi ya kuku wana urithi wa damu unaowapa nguvu zaidi dhidi ya kirusi hiki kuliko wenzao. Lakini hakuna uzio kati yake na banda la vifaranga wa kisasa waliochanjwa. Mtu akifuga makundi yote mawili uani pamoja, anaweka kuku wenye ngao na kuku wasio na ngao katika vumbi moja.

Chanjo yenyewe mama wa Pandambili hawezi kuitoa mwenyewe kwa tone la jichoni wala kwa maji ya kunywa. Hudungwa kwa sindano, chini ya ngozi ya shingo, siku ile ile kifaranga anapoanguliwa, kule kule kiwandani kwa mwanguaji. Ikisha changanywa inadumu kwa muda mfupi tu. Kumchanja kuku wa miezi mitatu aliyeanza kuchechemea ni kutupa fedha, na sasa mnajua sababu: askari wake T wamekwisha kubeba mzigo. Kwa hiyo swali linaulizwa siku ya kununua: "Hawa wamechanjwa mahepe? Lini, na kwa chanjo gani?" Anayeuza akibabaika, nendeni kwa mwingine. Vifaranga wakaliwe mbali na kuku wakubwa kwa majuma ya kwanza, kwa maana chanjo huhitaji siku kadhaa, kama juma moja au zaidi, kabla haijajenga kinga. Na kabla hawajaingia bandani, maranda ya zamani na manyoya yote yatolewe, yachomwe au yafukiwe, buibui na vumbi vipanguswe mpaka kwenye paa. Kwa ajili hiyo yapo majina mengi ya dawa za kusafishia, lakini ufagio ndio wa kwanza.

Mwalimu wa darasa awaandikie ubaoni maneno haya manne: kirusi, chanjo, unyoya, vumbi. Kila mmoja ayaandike katika daftari lake, kisha aandike sentensi moja kwa kila neno. Juma lijalo tutaanza kwa kusomeana sentensi hizo, halafu tutaingia katika habari za mdondo, na chanjo yake inayotengenezwa hapa hapa Tanzania.